Pomadi ya Ng'ombe na Nusu ya Sabuni

Asifiwe,

Jana uliniomba tyubu ya pomadi mara tatu, na mara tatu nikasema hapana. Mara ya tatu ulinijibu mbele ya shangazi yako: "Mama, weye hata mujukuu yako unamunyima dawa." Shangazi akaangalia chini kama mutu aliyeona kitu cha haya. Mimi nikaendelea kukunja nepi. Jibu nilikuwa nalo, lakini lina urefu wa miaka kumi na minane, na weye ulikuwa umesimama na mutoto mugongoni, unatafuta kiatu kimoja.

Leo, ulipotoka kuaga marafiki, nimefungua mufuko wa mutoto wako Plamedi. Usikasirike. Unanijua, sifungi muzigo bila kuhesabu. Uliniambia vitu kumi na vinne. Nimehesabu kumi na tano. Cha kumi na tano kilikuwa ndani ya soksi: tyubu mpya ya dawa ya kupaka, ile wanayouza barabarani juu ya meza moja na betri na kalamu. Nimesoma maandishi yake kwa miwani na bila miwani. Dawa tatu ndani ya tyubu moja. Maana yake aliyekuuzia hakuwa na haja ya kukuuliza mutoto ana nini.

Kesho asubuhi unapanda boti ya Bukavu kumufuata bwana yako. Sitakuandikia juu ya vyeti vya shule, wala chumvi, wala namna ya kuongea na mwenye nyumba. Hayo umeyaona kwangu tangu utoto, na ambayo hukuyaona utayaokota huko. Nakuandikia juu ya pomadi tu. Kwa mudomo nisingeweza. Kwa mudomo mimi najitetea haraka sana.

Unajua tulikimbia Masisi ukiwa na miaka miwili. Unajua ng'ombe wa babu yako walikuwa kumi na mumoja, na hakuna hata mumoja aliyeteremuka pamoja nasi. Unajua baba yako alibaki nyuma nao, na habari yake ilitufikia kwa mutu aliyeisikia kwa mutu. Hayo nimeyasema mara nyingi, labda kupita kiasi, maana nina tabia ya kuhesabu nilivyonyang'anywa. Ambacho sijakuambia ni kile nilichobeba.

Nilikubeba weye mugongoni, na kichwani nilibeba karatoni ya dawa. Kwa babu yako mimi ndiye niliyekuwa nakamua na kutibu viwele. Ng'ombe akivimba kiwele kuna pomadi ya tyubu yenye ncha ndefu: unaingiza ncha ndani ya chuchu, unaminya, unasugua. Karatoni ilikuwa haijafunguliwa, tyubu ishirini na nne. Watu walibeba magodoro, sufuria, mbuzi. Mimi nilibeba dawa ya ng'ombe ambao sikuwa nao tena. Njiani mwanamuke mumoja alinicheka: "Na ng'ombe yenyewe iko wapi, dada? Unaifuata ao inakufuata?" Mutu akikimbia, mukono unashika kile unachokijua.

Kambini Kanyaruchinya walituweka familia mbili chini ya bashi moja, turubai la msaada. Hatua nne kwa urefu, tatu kwa upana, na chini mawe meusi ya volkano ambayo hayakubali hata kijiti cha kufungia kamba. Familia ya pili ilikuwa Mama Masika na binti yake. Mama Masika alikuwa mwanamuke wa Butembo, mufanyabiashara. Alikuja kununua maharagi upande wa Rutshuru, na vita vikafunga njia nyuma yake. Binti yake Masika alikuwa na miaka miwili kama weye. Mulilala mukeka mumoja, chini ya blanketi moja, miguu ya huyu kichwani mwa yule. Mama Masika alikuwa na kicheko kikubwa kuliko ile bashi. Alikuwa na sabuni ya kipande pia, sabuni ya kufulia, aliyoifunga ndani ya kitambaa kama mutu anavyofunga dhahabu.

Maji yalikuwa bidoni moja ya lita ishirini kwa siku mbili, watu wanne. Piga hesabu: lita mbili na nusu kwa mutu kwa siku moja, humo humo upike, unywe, ufue, unawe. Na lile vumbi jeusi unalijua, linaingia hata ndani ya kitovu. Watoto wote wa pale walikuwa na ngozi mbaya.

Siku moja mutoto wa jirani aliletwa kwangu na vidonda viwili, kimoja chini ya pua na kingine pembeni ya mudomo, vyenye ganda la manjano kama asali iliyokauka. Mama yake alikuwa analia. Nikafikiri: usaha ni usaha, wa ng'ombe au wa mutu. Nikamupaka. Siku ya tano ganda lilikuwa limeanguka, na chini yake kulikuwa na ngozi mpya, laini. Siku ya sita nilikuwa na wamama saba mulangoni.

Hapo ndipo nilipojiona nimefika. Nilikuwa napima kwa kifuniko cha soda. Kifuniko kimoja cha pomadi, konzi moja ya maharagi, au makaa, au chumvi. Wakaniita Mama Pomadi. Nilipenda jina hilo kuliko unavyoweza kufikiri. Orodha za msaada zilikuwa zimeruka jina langu mara mbili: mara ya kwanza walisema nimechelewa kujiandikisha, mara ya pili walisema nimeshaandikwa. Kwa wale waandishi sikuwa mutu. Lakini mulangoni pangu palikuwa na foleni.

Sikuuliza ni upele gani. Upele wa joto, fangasi za kichwa, ule wa kujikuna unaojificha katikati ya vidole, kuumwa na viroboto, wote walipata kifuniko kimoja. Nilikuwa na jibu moja, na maswali yote yalikuja kwake.

Mama Masika peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa ananiangalia nikipima na kucheka.

"Mama Asifiwe, siku moja hawa watoto wataanza kulia mbuu! Majani ya kuwalisha tutaitoa wapi hapa ku mawe?"

"Cheka tu," nikamwambia. "Ya kwako ikitoka vidonda utakuja na kifuniko mukononi."

"Ya kwangu nitamuogesha."

"Na maji gani?"

"Ile ambayo mi sitakunywa."

Na kweli alikuwa anafanya hivyo. Kikombe kimoja cha maji, kitambaa, sabuni kidogo kama ukucha, kila jioni. Nilimuona mujinga. Mimi nilikuwa na dawa, yeye alikuwa na kikombe.

Halafu weye ukatoka upele. Madoa matatu chini ya shingo, madogo, mekundu. Sasa ninajua labda ilikuwa jasho tu, maana nilikuwa nakufunga vitambaa viwili kwa kuogopa baridi ya volkano. Nikakupaka asubuhi na jioni. Kila asubuhi nilihesabu kwa kidole gumba. Matatu. Siku ya tatu, saba. Siku ya tano, kumi na mawili. Siku ya saba, thelathini na moja, na mengine yameshikana kama ramani, yanatoa maji. Nikaongeza dawa. Nikakupaka mara nne kwa siku. Ulikuwa hulali, unajisugua shingo kwenye bega langu. Mutoto wa Mama Pomadi anaoza mulangoni pa Mama Pomadi, na wamama walianza kuangalia.

Asifiwe, nilikuwa na hesabu mbili mbele yangu nikasoma moja tu. Nilihesabu madoa. Sikuhesabu mara nilizopaka.

Mutu mwenye uchungu anatafuta mwenye kosa, na mwenye kosa mara nyingi ni yule aliye karibu. Masika alikuwa anajikuna mguu. Nikasema, ni huyu.

"Mama Masika, mutoto yako njo ananiharibia mutoto."

"Masika? Masika ana nini? Mugeuze umuangalie mwili muzima."

"Anajikuna."

"Viroboto inamuuma. Hata weye unajikuna, hata mi. Kanyaruchinya yote inajikuna."

"Toka naye."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, kicheko chake kikazimika polepole, kama jiko la makaa.

"Unanifukuza ku bashi ya deplase, dada? Bashi yenyewe haiko yako, haiko yangu."

"Jina yangu njo ya kwanza ku karte."

Nilisema hivyo. Mimi ambaye orodha ziliniruka mara mbili, siku orodha moja iliponiweka mbele nilimufukuza mutu kwa orodha hiyo. Ningetaka kukuambia kwamba nilikuwa na usingizi, na njaa, na ujane wa miezi miwili. Nilikuwa navyo vyote vitatu. Lakini wengi pale walikuwa navyo na hawakumufukuza mutu.

Ilikuwa saa sita za muchana na mvua ilikuwa inaanza. Alifunga vitu vyake, havikufika kumi. Mwishoni akafungua kitambaa cha sabuni. Akavuta uzi mumoja kutoka ukingo wa kitenge chake, akauzungusha katikati ya ile sabuni, akaukaza. Sabuni ikakatika nusu kwa nusu, bila hata unga kuanguka. Nusu akairudisha ndani ya kitambaa, nusu akaiweka juu ya jiwe karibu na kichwa chako.

"Mutoto ataoga," akasema.

Akamubeba Masika na kuteremuka upande wa muji. Hakuniaga. Nilimuangalia mpaka mvua ikamufunika, na hata hapo nilikuwa bado ninajiambia kwamba niko na haki.

Siku iliyofuata madoa hayakupungua. Wala ya pili, wala ya tatu. Mwenye kosa alikuwa ameondoka na kosa lilikuwa linaendelea. Nikakupeleka kwenye hema la afya. Kulikuwa na muganga kijana, na nyuma yangu kwenye benchi walikuwa wamekaa wanne kati ya wamama walionunua kwangu.

"Mama, unamupaka nini huyu mutoto?" akaniuliza, kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia.

"Hakuna kitu," nikasema. "Mafuta ya mawese tu."

Hilo ndilo kosa langu kubwa, kubwa hata kuliko lile la Mama Masika, kwa maana hapa nilikuwa nimeulizwa kwa upole na nilikuwa nalijua jibu. Niliogopa atanikataza biashara. Niliogopa benchi. Muganga akaamini, akafikiri ni ule upele wa kujikuna, akanipa dawa ya upele huo, ya kupaka mwili wote. Ilikuchoma, ukapiga kelele mpaka ukakosa sauti. Na mimi, juu ya dawa yake, niliendelea kuweka ya ng'ombe. Siku mbili baadaye uso wako ulivimba na macho yakajifunga. Ulikuwa unanitafuta kwa mikono. Ulikuwa unaita "mama" na mimi nilikuwa hapo mbele yako.

Nilikimbia nawe. Siku hiyo muganga alikuwa mwanamuke muzee, mufupi, mwenye kofia ya sufi. Hakuniuliza kitu. Alikuangalia, halafu akanishika mukono wangu mimi, akainua vidole vyangu mpaka puani mwake.

"Vidole yako inanuka kiwele ya ng'ombe," akasema.

Nilitaka kuvuta mukono, hakuuachia.

"Mi ni mutoto ya wachungaji, mama. Masisi. Hii harufu nimekomaa nayo. Umemupaka siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Mara ngapi kwa siku?"

Hapo nilihesabu kwa mara ya kwanza. Siku saba za kwanza nilipaka mara mbili, sita zilizofuata mara nne. Kumi na nne na ishirini na nne. "Mara thelathini na nane," nikasema.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, ningepata kitu cha kujibu. Alisema hivi, na nimeyaweka maneno yake kama yalivyo: "Iko ngozi zinakatalaka dawa. Unapaka, inawaka, inawaka, unapaka. Wacha yote. Ya ng'ombe wacha, na ile tulikupa wacha. Maji ya kuchemusha ipoe, sabuni kidogo tu ya kutoa haya mafuta, kitambaa kisafi, apigwe na upepo. Joto ikipanda, ao akikataa kunyonya, ao vidonda vikienea, unarudi siku ile ile, haungoje kesho."

Alikupa dawa ya kunywa ya kutuliza uvimbe. Nikamuuliza kuhusu yule mutoto wa kwanza, wa ganda la asali, mbona yeye alipona. Akasema, yule alikuwa na vidudu juu ya ngozi, na pomadi inaua vidudu, ndiyo maana alipona. Hata wao wanayo ya watu kwa vidonda vya namna hiyo vikiwa viwili vitatu, na wanaipaka kwa siku chache zilizohesabiwa. Lakini jasho haliko na vidudu vya kuua, na fangasi haijali pomadi hiyo, na mutoto ambaye ngozi yake imeikataa, kila kidole unachomupaka ni moto. "Na ile ya ng'ombe," akasema, "ipelekee ng'ombe."

Nilirudi chini ya bashi. Maji nilikuwa na robo ya bidoni. Sabuni sikuwa nayo.

Nilikuwa nayo. Ilikuwa bado juu ya lile jiwe, karibu na kichwa cha mukeka, siku sita ikiwa pale. Sikuwa nimeigusa kwa kiburi.

Nilikuogesha nayo. Na nikiwa nakuogesha nikaiona ile hesabu nyingine, ambayo hata mutoto wa darasa la pili angeiona. Watoto wawili. Mukeka mumoja, blanketi moja, vumbi moja, maji ya bidoni moja. Mumoja anaoza, mumoja muzima. Tofauti ilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kwenye vidole vyangu. Masika hakupakwa hata siku moja. Masika hakuwa na doa hata moja. Nilimufukuza mutoto ambaye mwili wake ulikuwa ndio jibu.

Siku ya kwanza sikuweza kuhesabu madoa, yalikuwa yameshikana. Siku ya pili macho yalifunguka. Siku ya nne nilihesabu ishirini. Siku ya sita, tisa. Siku ya nane ulimucheka kuku wa jirani.

Wamama walikuja na vifuniko vyao. Nikawaambia dawa imeisha. Ilikuwa uongo tena, zilibaki tyubu tisa, nilizitupa kwenye ufa wa mawe. Mumoja aliniambia, "Imeisha kwetu, kwa mutoto yako haikuisha." Sikuwa na ujasiri wa kumueleza. Niliwapaka watoto arobaini na mumoja pale. Thelathini na watano nilijua walivyoendelea, wengi bila shida, wengine sijui kama walipona kwa dawa yangu au kwa kupita kwa siku. Sita waliondoka kabla sijawaona tena. Nisipotaka kuwafikiria, ninawafikiria hao sita.

Mama Masika nilimutafuta. Nilikubeba mpaka huku mujini, Mapendo, mulango kwa mulango kwenye depo, maghala ya watu wa Butembo, nikiuliza mwanamuke anayecheka sana mwenye binti anaitwa Masika. Muzee mumoja aliniambia, "Binti, kwetu kila nyumba ina Masika." Mwanamuke wa kuuza ndizi alinihakikishia kwamba alimuona wa namna hiyo akipanda lori, njia ilipofunguka kwa siku mbili. Basi. Ndiyo maana tulibaki Mapendo, ujue. Sikuja huku kutafuta maisha. Nilikuja kumutafuta mutu, nikachoka, nikakaa.

Na hii biashara yangu ya sabuni, iliyokusomesha, ikakuvisha, ikakuozesha: ilitoka wapi? Ile nusu ya sabuni ilibaki kama kidole kidogo. Yule muganga muzee alikuwa na makoti mawili ya kazi, meusi kwa vumbi. Niliyafua kwa kidole hicho cha sabuni. Alinilipa kipande kizima cha sabuni. Pale hakuna aliyeweza kununua kipande kizima, kwa hiyo nilivuta uzi kwenye ukingo wa kitenge changu, nikakikata mara nane. Hata uzi, Asifiwe. Hata namna ya kukata. Watu wa Mapendo wananisifu kwamba sabuni yangu inakatwa sawa, bila unga kupotea, na mimi nasema, "Ni akili yangu."

Sasa turudi kwa mutoto wako. Plamedi ana madoa kwenye mikunjo ya shingo na kifuani. Juzi tulikwenda wote kituo cha afya, muganga alimuvua nguo zote tatu ulizomuvisha, akasema ni jasho: mupunguzie nguo, muogeshe, mukaushe vizuri kwenye mikunjo. Ulitoka pale umekasirika. Niliona. Ulikuwa umetembea umbali wote ule ukapewa maneno, na mikono yako ikabaki mitupu. Mikono mitupu inamutisha mama. Ninaijua hofu hiyo. Nusu ya pomadi niliyokupaka ilikuwa ya kunituliza mimi. Ulikuwa unalia na mimi nilihitaji kuwa nafanya kitu. Kwa hiyo sikusemi kwa ile tyubu. Ningekuwa weye, ningeinunua.

Nimeitoa ndani ya soksi, nikaiweka mezani. Halafu nimeirudisha palepale. Nikikunyang'anya utanunua nyingine pale bandarini Bukavu, na hiyo utaificha vizuri zaidi, na kilichokaribia kukupofusha weye haikuwa dawa peke yake, ilikuwa dawa na kuficha. Ninakuomba kitu kimoja. Ukifika, kama madoa hayajapungua, mupeleke Plamedi kwa muganga na uende na tyubu yenyewe mukononi. Uiweke mezani, hata kama benchi limejaa watu. Useme: nilinunua hii, nimepaka mara kadhaa, au sijapaka. Akisema paka, paka kwa siku atakazokuambia na usipite. Akisema tupa, tupa. Na kama huko pia kuna watu waliokimbia, na nasikia wapo, na mutoto wao akilala mukeka mumoja na wako, kabla hujasema kitu, wavue nguo wote wawili uwaangalie.

Mufuko wa Plamedi nimeufunga. Ukihesabu utakuta vitu kumi na sita. Cha kumi na sita ni nusu ya kipande cha sabuni, nimekikata leo kwa uzi wa kitenge changu cha zamani. Nusu ya pili imebaki huku, juu ya dirisha, na huko Bukavu ukikutana na mwanamuke wa Butembo wa umri wangu, anayecheka kupita kiasi, muulize kama ana binti anaitwa Masika. Akikubali, mupe yako. Ya kwangu nitamupelekea mwenyewe.

Umekua ukinisikia nikisema kwamba mimi nilitoka Masisi mikono mitupu na hakuna mutu alinipa kitu. Umeisikia hata shangazi yako akiirudia kwa kunisifu. Ifute. Nilipewa, na nilipewa siku ile ile niliyomufukuza aliyenipa.

Mama yako